Blanketi Lisiloenda Kaburini

Jumatatu, 3 Juni 1985

Mistari minne tu ya viraka leo. Sindano imenichoma kidole kilekile. Uzi ni wa kufumua kwenye magunia, mnene, unakataa tundu mpaka niulambe. Uzi wa dukani wanasema umeanza kurudi. Labda mjini. Huku kwetu Buhare haujafika.

Fundi cherehani wa sokoni ananiwekeaga vipande chini ya meza yake. Kaki za sare, vitenge, pindo za gauni za harusi. Mimi namletea dagaa. Pamba nimemaliza kuitoa mbegu. Ni pamba fifi, ile chafu ya madoa, dada yangu wa Kabasa kule Bunda alinipa gunia zima, mizani ya chama cha ushirika iliikataa. Kwenye mizani haifai. Kwenye blanketi inafaa.

Mwanangu Nyangeta amekohoa mara mbili kabla ya kwenda shule. Nilikuwa nahesabu.

Jumatano, 5 Juni

Kesho kikao cha akina mama wa kanisa. Mimi kusema mbele ya watu nashindwa, maneno yananikimbia. Kwa hiyo nayapanga hapa kwanza, kwenye daftari la zamani la Nyangeta. Kuandika nimejua ukubwani, darasa la ngumbaru. Polepole, lakini najua.

Mwezi wa nne Nyangeta alilazwa, kichomi. Mtoto wa miaka kumi na moja, mbavu zinahesabika. Kitanda kimoja na mama mmoja wa Bunda, kichwa huku miguu kule, blanketi moja la wodi. Siku ya tatu yule mama akafa. Ndugu zake wakaja. Sanda hawakuwa nayo. Sanda siku hizi mpaka kibali, na kibali mpaka umkute mtu ofisini. Wakamviringisha na lile blanketi, wakaondoka naye. Nyangeta akabaki na khanga yangu. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia.

Nilikuwa nimesimama pale. Unamwambiaje mtu aliyefiwa, niachie blanketi?

Mablanketi ya wodi ile yote yameisha hivyo. Siyo wizi. Mtu hazikwi uchi.

Lakini hakuna mtu wa huku atakayemzika mtu wake na viraka. Awe maskini namna gani, ataazima shuka kwa jirani. Kumfukia mzazi na viraka ni kumtukana, ukoo mzima utasemwa mpaka wajukuu. Kwa hiyo blanketi la viraka litabaki kitandani, na mgonjwa mwingine atalikuta.

Hiyo ndiyo akili yangu yote. Niseme hivyo, nikae chini.

Alhamisi, 6 Juni

Nilisema. Nikakaa. Wakacheka.

Mama Eliza, mwenyekiti wetu, yeye hakucheka. Alikasirika. Ana duka mjini, anajua kusema. "Mama Majura, hospitali siyo jalala. Tupeleke viraka, watu waseme kanisa letu halina kitu?" Nikasema lakini kweli hatuna kitu. Hapo ndipo walicheka vizuri.

Tulikuwa watano tunaoshona, tunakutana hapa kwangu. Leo wanne wamesema wanangoja blanketi jipya la kibali. Mama Eliza ana mtu wake ofisini.

Nikawaambia jipya litaondoka na maiti wa kwanza. Wakasema nina mdomo wa mkosi.

Sawa. Nitashona peke yangu. Mikono ni yangu.

Jumanne, 11 Juni

Mistari tisa. Hasira inashona haraka.

Ijumaa, 14 Juni

Sokoni wamefungua mitumba. Watu wanaiita kafa ulaya, kwamba wenyewe walishakufa, lakini wanaigombania mpaka inachanika. Nimepata koti jekundu la mwanamke, limetoboka mgongoni. Limetoa viraka tisa. Nyekundu naitaka nyingi. Nani anazika na nyekundu.

Nimekutana na Mama Eliza kwa fundi. Akaliangalia koti. Akasema, haya sasa, wagonjwa wetu watafunikwa na nguo za marehemu wa Ulaya. Nikamwambia, "Na hiyo sketi uliyovaa, dada yangu, mwenyewe alipona?"

Fundi aliacha cherehani, akainama chini ya meza kama anatafuta mkasi. Mabega yanacheza.

Sijuti. Najuta kidogo. Hapana, sijuti.

Jumapili, 16 Juni

Tangazo kanisani. Akina mama wamepata kibali, blanketi moja, jipya, la kijivu. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nyangeta alikuwa ananiangalia.

Jumanne, 18 Juni

Limekwisha. Saa tisa alasiri nimekata uzi wa mwisho kwa meno.

Upande wa chini nimeweka shuka zangu mbili nilizoolewa nazo. Miaka kumi na saba kwenye sanduku, nilikuwaga nazitunza kwa ajili ya wageni. Wageni wakubwa hawakuja. Sasa zimepata kazi. Mgonjwa asifunikwe na kitu cha kukwaruza, apate kitu laini kwenye ngozi. Nimelitandika sakafuni nikalizunguka kama kuku anayezunguka mayai.

Mama mkwe amefika na basi la kutoka Butiama. Macho yanamsumbua, atakaa mpaka daktari amwone. Nitamwonyesha kesho kwenye mwanga.

Jumatano, 19 Juni

Aliligusa kwanza kwa mikono. Akaligeuza. Kisha akalala chali kwenye mkeka, akajifunika upande mweupe ukiwa juu, akanyoosha miguu, akafumba macho. Mimi sikuelewa. Nikadhani amechoka na safari. Akafumbua jicho moja.

"Mkamwana, sanda nzuri hii. Umeipamba mpaka ndani."

Shuka nyeupe. Mimi, kwa mikono yangu, nimeweka shuka nyeupe. Ndugu waligeuze tu. Viraka ndani, nyeupe nje, na maiti ametoka amependeza kuliko wote waliowahi kutoka wodi ile. Wiki mbili nawaeleza watu habari ya viraka, na chini yake nashona sanda.

Najua kwa nini. Nilitaka kutoa kilicho kizuri. Sisi tukitaka kumheshimu mtu tunatoa nyeupe. Mgeni nyeupe, bibi harusi nyeupe, maiti nyeupe. Mkono umekwenda wenyewe.

Mama mkwe akasema lipeleke hivyohivyo, Mungu anaona. Nikasema Mungu anaona, na ndugu wa maiti nao wana macho.

Nimeanza kufumua.

Ijumaa, 21 Juni

Nafumua. Vidole vimevimba. Mama mkwe uzi haoni, lakini ukimshikisha ncha anavuta. Anaimba wimbo mmoja tangu asubuhi. Namchukia kidogo. Baadaye nampenda.

Shuka zimejaa vitundu kama zimeugua ndui.

Jumatatu, 24 Juni

Nimepata la kuweka chini. Mifuko ya unga wa njano wa msaada, ile ya kitambaa. Mwaka ule wa njaa kila nyumba ilikuwa nayo. Nimezunguka Buhare nzima naomba. Wengine walikuwa wanafutia vyombo, mwingine kamshonea mtoto bukta. Ukiifua mara nyingi inakuwa laini, lakini maandishi hayatoki, ya buluu, makubwa, ya Kiingereza. Nimefua mpaka nimeridhika kwamba hayatoki.

Nyangeta kanisomea. Neno moja moja, mengine anabahatisha. Anasema imeandikwa ni msaada, haiuzwi.

Mama mkwe akasema, "Atakayemvika mzazi wake hayo, huko aendako watampokea stoo ya mahindi."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Wiki nzima sijacheka.

Jumamosi, 29 Juni

Nyangeta ana homa. Kifua kinalia. Upepo wa ziwani hauachi tangu Jumatano.

Baba yao yuko Buhemba anachimba dhahabu, na Majura, mwanangu wa kwanza, yuko naye. Miezi miwili hakuna habari. Wa kumuuliza hayupo.

Nimemfunika Nyangeta na blanketi. Halijaisha, kona moja pamba inachungulia. Ametulia. Dakika chache tu, akatulia. Nililishona kwa ajili ya ubishi wangu na akina mama na ubishi wangu na kifo, na kumbe lina joto kweli.

Nimekaa namwangalia, nikawaza: libaki hapahapa. Nani atauliza. Mama Eliza atafurahi. Huyu ni wangu, wale siwajui.

Nimeyaandika ili niyaone. Ni mawazo yangu kweli.

Jumanne, 2 Julai

Homa imeshuka. Amekula ugali na nusu ya sato, miiba kaipanga pembeni ya sahani kama kawaida yake. Mungu asante.

Nilipotoka kuchota maji nikakuta amelikunja, ameliweka kwenye kikapu changu cha kushonea. Nikamuuliza kwani hulitaki. Akasema, "Si la hospitali, mama?" Ananishangaa.

Nimechukua zile shuka za vitundu na pamba iliyobaki nikamshonea la kwake. Jeupe lote. Mama mkwe akaguna. Nikamwambia huyu ni mtoto mzima, hatakufa, atalala. Nimelisema kwa ukali. Sikujua kama naweza kumfokea mama mkwe.

Jumatatu, 8 Julai

Limekwisha mara ya pili.

Juu viraka mia na ishirini na sita. Chini maandishi. Ni zito, lina joto, na ni baya. Nyekundu imekaa na kijani, kaki imekaa na maua. Hakuna atakayelitamani, awe mzima awe amekufa.

Nalipenda sana.

Jumanne, 9 Julai

Nimelipeleka.

Sista Wegesa ndiye muuguzi aliyemtunza Nyangeta. Alinikumbuka. Akasema asante mama, niachie, utaratibu ni kila kitu kipitie stoo kiandikwe. Nikasema kitu cha stoo kinakaaga kikingoja wageni wakubwa. Andika hapahapa, mimi nimelishika. Akasema stoo haiji wodini. Nikasema basi na mimi siondoki. Nikakaa kwenye benchi. Magoti nimeyafunika na blanketi lenyewe.

Nilikaa mpaka saa saba. Akatoka na daftari na mhuri. "Mama, wewe ni mbishi." Nikasema ndiyo.

Nimelitandika mwenyewe. Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha lisilo na kioo. Yupo Bibi Nyasatu, mzee wa vijiji vya huko rasini, tumbo limejaa maji. Amelipapasa, akasema kwa Kijita kwamba ni kama kufunikwa na soko zima.

Kitanda cha pili, kando yake, ndipo lilipo lile la kijivu la akina mama. Zuri. Sitasema siyo zuri.

Alhamisi, 18 Julai

La kijivu limeondoka. Juzi. Yule mama wa kitanda cha pili amefariki, kaka zake wakamviringisha wakaenda naye. Limekaa wodini wiki mbili.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi.

Jioni Mama Eliza alikuja hapa. Hajawahi kuingia kwangu. Alikaa kwenye kigoda, akasifia ua, akasifia kuku, akamsalimia mama mkwe mara mbili. Pole hakusema, samahani hakusema. Wakati wa kuondoka ndiyo anauliza kama viraka vimebaki.

Nikamwambia vipo. Lakini aje na uzi wake.

Jumamosi, 27 Julai

Nimempelekea uji Bibi Nyasatu. Tangu nilipolipeleka blanketi napitaga kila siku ya pili, nasema naenda kumwona yeye. Kweli nusu.

Hawezi kukaa tena. Anajua. Kidole kinatembea kwenye viraka, anavitaja. Hiki cha shule. Hiki cha harusi. Hiki cha mzungu. Kisha akasema, "Mwanangu, hili nizikwe nalo. Wanangu wakija nitawaambia. Mimi sioni aibu."

Naandika nilichojibu. Nilijibu hapana.

Nikasema, "Hapana, bibi. Kuna wengine watalala hapa." Mtu anakufa, mimi namnyima. Mwezi wa nne mdomo ulinishinda mbele ya maiti. Leo nimeufungua mbele ya mtu aliye hai, anayenitazama machoni.

Aligeukia ukuta. Akasema, "Una roho ngumu wewe." Nikakoroga uji. Halafu akasema, "Haya, nipe uji." Nimemlisha wote, kijiko kwa kijiko, nikampangusa.

Nimerudi kwa miguu, mguu haujui unakanyaga wapi. Mama yangu mzazi angesema ndiyo. Mama Eliza angesema ndiyo. Mtu yeyote mwenye huruma angesema ndiyo. Na ndiyo maana wodi haina mablanketi.

Sifuti neno.

Jumanne, 30 Julai

Sijaenda. Naogopa kumwangalia. Nimetengeneza uji nikaunywa mwenyewe.

Jumatano, 31 Julai

Nimeenda. Kitanda kitupu. Godoro tu. Nitasema ukweli, sikuanza kumlilia bibi. Nilianza kutafuta blanketi.

Lilikuwa kwa Sista Wegesa, mezani, limekunjwa.

Amefariki alfajiri. Wana wawili walifika na mtumbwi jana, na shuka nyeupe ya kuazima. Aliwaambia kweli kama alivyosema atawaambia. Yule mkubwa akalichukua, akaligeuza huku na huku, akayaona maandishi. Akasema, "Mama yetu siyo gunia." Akalikunja vizuri, akamrudishia sista, akashukuru. Wakaondoka naye kwenye shuka.

Imekuwa kama nilivyosema tangu mwanzo. Kila mtu alicheka, na imekuwa.

Nimekaa kwenye lile godoro. Hapo ndipo nimemlilia. Sista alipita na sinia, akaniacha.

Mtu akiniuliza tena, nitajibu vilevile. Na nitalia vilevile.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimelichukua nikalifue. Sabuni hakuna, nimetumia maji ya majivu. Likilowa linakuwa zito kama ndama. Nyangeta alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukalikamua mpaka mikono ikafa ganzi. Tukalianika kwenye mawe ya ziwani. Wanawake waliokuwa wanafua pale wakauliza la nini hilo, nikawaambia. Mmoja akasema ana gauni imechakaa, ya zambarau. Nikasema ilete.

Jua kali, upepo mkali. Saa kumi lilikuwa limekauka, na harufu ya jiwe la moto.

Nimelirudisha. Kitandani yuko msichana wa Butiama, amevunjika mguu, hajatembelewa bado. Nimemfunika, nikamwekea nafasi mguu usibanwe.

Akauliza, "Hili ni la nani, mama?"

Nikamwambia la kitanda.

Akalala. Nimekaa naye kidogo, halafu nikarudi nyumbani kupika.